Upepo Usiotikisa Majani ya Chai

Tangu nirudi shuleni mmenipigia simu nyote tuliosoma pamoja, na kila mmoja nimempa kipande. Wanjiru ana habari ya matope, Otieno ana habari ya mama yangu, na Halima anadhani niliibiwa, ingawa sijui hilo alilitoa wapi. Sasa naandika mara moja, tangu mwanzo, ili mpitishiane.

Mnajua nafundisha fizikia katika shule ya wasichana huko Ndanai. Nyuma ya shamba la mahindi la shule kuna shimo, na ndani yake tulikuwa tumefukia kipima-sumaku. Dunia yetu ni sumaku kubwa, kwa sababu ya chuma kilichoyeyuka kinachozunguka chini kabisa ya ardhi. Nguvu ya sumaku hiyo haiishii ardhini. Inatoka nje, inapita mawingu, inapita hewa, inaizingira dunia yote. Kazi ya kifaa chetu ni kukaa kimya shimoni na kupima nguvu hiyo usiku na mchana. Kiliingia maji wakati wa mvua, kikafa. Daktari Nekesa, mtafiti tunayeshirikiana naye, alikitengeneza akakifikisha Kericho. Mimi nilitumwa kukichukua.

Kericho hadi Litein

Ilikuwa Jumatano asubuhi. Daktari alinipa sanduku nje ya nyumba ya wageni alikolala, na kabla sijalishika vizuri akaanza kuongea haraka.

"Moraa, jua limetema. Jana. Wingu zima limetoka na linakuja upande wetu."

"Lini?"

"Ijumaa, mchana ama jioni. Lakini sitaapa. Likija kabla hujafukia hiki kifaa, tumekosa, na sijui tutangoja jingine mpaka lini."

Jua hupumua wakati wote. Pumzi yake ni chembe ndogo mno zenye umeme, nasi tunauita upepo wa jua. Siku nyingi huwa mpole. Mara moja moja jua hutema wingu zito la chembe hizo, na likitufikia huigonga ile sumaku ya dunia na kuisukuma. Hicho ndicho wanafunzi wangu walikuwa wakingojea kukiona tangu muhula wa kwanza.

Kutoka Kericho hadi Ndanai ni safari ya saa tatu, nami nilikuwa na siku mbili na zaidi. Hata hivyo nilikuwa nimeshaanza kuhesabu saa. Mnanijua. Mimi ndiye niliyekuwa nikifika kwenye mtihani kabla ya mlango kufunguliwa.

Dereva alikuwa Arap Koskei, wa pikapu ya shule, mzee aliyebakiza mwaka mmoja astaafu. Kwa miaka yote niliyomjua nilikuwa nimemsikia akiongea juu ya gari na mvua tu. Siku hiyo aliongea juu ya gari. Kabla ya Litein alisema, "Inachemka," na kweli moshi ulikuwa ukitoka mbele. Pampu ya maji ilikuwa imekwisha. Fundi wa Litein alisema saa mbili. Zilikuwa tano.

Nikaingia hotelini na sanduku langu. Sikuthubutu kuliacha garini. Niliagiza chai ya maziwa, chapati mbili na maharagwe, nikala nikiwa nimelipakata kama mtoto. Upande wa pili wa meza aliketi mama mmoja mwenye gambuti za mpira miguuni na kitambaa kichwani, vidole vyeusi kwa utomvu wa majani ya chai. Tulisalimiana. Aliitwa Mama Chebet, na alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha wanawake wakulima wa chai kutoka vijiji vya huko ndani. Alikuwa mtu wa kuuliza maswali mazuri, na hapo ndipo nilipoharibu.

"Hiyo ni mashine ya nini, Madam?"

"Ya kupima upepo wa jua."

"Upepo wa jua." Akaweka kikombe chini. "Na unakuja?"

"Unakuja. Ijumaa utakuwa umefika."

"Unatoka wapi?"

"Kwa jua lenyewe. Mbio zake hata risasi haifikii."

"Na uko na joto?" Simu ilikuwa mkononi mwake.

Ningemwangalia mikono yake ningejua ananiuliza nini. Huku kwetu, ukisema jua, mkulima hafikirii nyota. Anafikiria mwezi wa pili, majani yakigeuka kahawia kichakani. Lakini mimi nilikuwa mwalimu aliyepata mwanafunzi anayeuliza, nikajibu swali kama lilivyoulizwa.

"Joto lake ni la maelfu kwa maelfu ya digrii."

Na hiyo ni kweli. Iliyobaki pia ni kweli, kwamba upepo huo ni mwembamba kiasi kwamba ungeupitisha mkononi usihisi kitu, na kwamba kabla haujatufikia hukutana na sumaku ya dunia ukapinda na kupita kando. Nilikuwa nimefungua mdomo niyaseme. Arap Koskei akatokea mlangoni.

"Madam, gari iko tayari. Twende kabla ya mvua."

Nikachukua sanduku, nikaaga, nikatoka karibu nikikimbia. Nilipogeuka nilimwona Mama Chebet ameshika simu karibu na mdomo. Nilidhani anapiga simu nyumbani.

Litein hadi Chepilat

Tulipita Sotik bila kukata kwenda Ndanai, kwa sababu ya skrubu. Kipima-sumaku hakitaki chuma karibu nacho, hata msumari, na zile skrubu za shaba za kukishikilia zilikuwa zimepotea. Mwenye duka mmoja Chepilat ndiye pekee ninayemjua anayeziweka. Tulifika akifunga. Alitafuta kwenye kopo moja hadi jingine akiwa ameshafunga nusu ya mlango, akazipata.

Kwa mama ni karibu na hapo. Baba alitoka milima ya Kisii akaja kuchuma chai katika mashamba makubwa ya Kericho, nami nilizaliwa katika nyumba za wafanyakazi huko. Alipoacha kazi alinunua kipande cha shamba karibu na mpaka wa Wakisii na Wakipsigis, akapanda chai yake mwenyewe. Alifariki. Mama anaichuma. Nilimwambia Arap Koskei tulale kwake, kwa kuwa giza lilikuwa linaingia na mvua ilikuwa imeanza. Mama alitupikia ugali wa wimbi na chinsaga, mboga chungu za kwetu. Nilikula, nikalala kama gogo.

Asubuhi, kulipokuwa kunapambazuka, sikumkuta jikoni. Nilimkuta chaini, umande umemlowesha hadi kiunoni, kikapu kimejaa mgongoni na magunia mawili yamejaa njiani. Hakuwa anachuma majani mawili na chipukizi kama alivyonifundisha nikiwa mdogo. Alikuwa anavuna kila kitu, majani matatu, manne, hata yale magumu ya chini. Vichaka nyuma yake vilibaki vijiti.

Mimi na mama huzungumza Kikisii, kwa hivyo nawatafsiria.

"Mama, unafanya nini?"

"Nachuma kabla hayajaungua."

"Yaungue na nini?"

Akajifuta mikono, akatoa simu kifuani. Ilikuwa sauti iliyorekodiwa, imefika kwenye kikundi chao cha kanisa jana jioni. Nilimtambua Mama Chebet mara moja. "Akina mama, chumeni yote leo na kesho. Ijumaa kuna upepo ya jua inakuja, itachoma chai yote. Hii si uvumi. Nimetoa kwa mwalimu wa sayansi, nilikuwa na yeye hapa Litein." Na kabla ya maneno hayo, mwanzoni kabisa mwa rekodi, kati ya milio ya vikombe, ilikuwa sauti yangu, ndogo lakini safi: maelfu kwa maelfu ya digrii.

Nikakalia gunia.

"Ulijua ni mimi?"

"Nimekuzaa. Nitakosaje kujua sauti yako?"

"Ungeniamsha uniulize."

"Ulikuwa umechoka. Na ulikuwa umeshasema." Mikono yake ilikuwa imerudi kwenye majani. "Wengine hapa walikuwa wanacheka. Nikawaambia, huyo ni Moraa wangu, yeye hasemi kitu asichokijua. Ndipo wakaanza kuchuma."

Nikatazama ng'ambo ya bonde. Katika kila shamba kulikuwa na watu wameinama.

Chepilat hadi Sotik, na kurudi nyuma

Nilimwambia mama aache. Aliacha, akasimama kati ya vichaka vyake vilivyonyolewa bila kunigombeza, na hilo lilikuwa baya kuliko kugombezwa. Kwa simu yake nilirekodi maneno mapya. Nilisema mimi ndiye yule mwalimu, hakuna kitakachoungua, acheni kuchuma. Majibu yalikuja kabla sijamaliza chai. Mmoja alisema nimepewa kitu kidogo na kiwanda cha chai ili niwatulize. Mwingine aliuliza, kama hakuna neno, kwa nini napeleka mashine mbio hivyo. Namba ya Mama Chebet sikuwa nayo, na ujumbe ulikuwa umepita mikono mingi mno kuifuata.

Tulipofika Sotik, Arap Koskei alisimamisha gari pale barabara zinapoachana. Hakuzima injini.

"Ndanai ama Litein, Madam?"

Nilimpigia Daktari Nekesa. Alinisikiliza hadi mwisho. "Nenda Ndanai," alisema. "Kesho itapita, wataona wenyewe hakuna kitu. Kifaa kikikosa wingu hili, halitarudi."

Ilikuwa sababu nzuri, nami nilikuwa naitafuta. Tukashika barabara ya Ndanai. Nilijaribu kufikiria wasichana wangu, shimo lao walilolichimba upya, chati tupu waliyobandika ukutani. Lakini nilikuwa nawaona wale watu wameinama. Kesho wataona hakuna kitu. Ndiyo, na leo watakuwa wamemaliza kunyoa.

Tulikuwa tumeenda mwendo wa kama robo saa.

"Mzee, tugeuze."

Alitafuta mahali pa kugeuzia bila kuuliza. Tuliporudi lami alisema, "Mke wangu pia alichuma. Alinipigia asubuhi."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa na mambo mengi."

Barabara ya matope

Mwenye hoteli wa Litein alimjua Mama Chebet na kijiji chake, akatuelekeza. Kutoka lami ni barabara nyekundu katikati ya chai, na mvua ilikuwa imeipiga tangu jana. Tulikwama mara mbili. Mara ya tatu hatukuwa peke yetu, kwa maana mbele yetu lori la majani lilikuwa limezama hadi ekseli, na nyuma yake magunia yamepangwa ukingoni, mengine juu ya mengine. Karani wa kituo cha kununulia majani alikuwa hapo na daftari chini ya mwavuli.

"Yote haya ni ya leo?" nikamuuliza.

"Ya asubuhi tu. Na nusu siwezi kupokea. Angalia." Alifungua gunia. Majani yalikuwa magumu, marefu, na mabua ndani. "Sijui nani amewaambia nini. Ati dunia inachomwa kesho."

Niliingiza mkono. Majani yakirundikwa hupata moto yenyewe, hiyo mkulima yeyote anajua, na gunia lile lilikuwa na joto kama paji la mtoto mgonjwa. Mwanamke mmoja mzee alikuwa ameketi karibu na magunia yake akiyageuza kwa mikono ili yapoe. Nilitaka kumwambia ni mimi. Sikuweza. Nilimsaidia kugeuza kidogo, nikapita.

Pikapu tuliiacha hapo. Arap Koskei alibeba betri na kompyuta ya kusomea kifaa, mimi sanduku, tukapanda kwa miguu, gambuti zikinyonywa na matope kila hatua. Tulifika kwa Mama Chebet mchana umekwisha.

Alinitambua kutoka mbali, akatabasamu, akaja na mikono yote miwili. "Madam. Umekuja kutuambia saa?"

Nikamwambia kila kitu tukiwa bado tumesimama uani. Kwamba maneno yalikuwa ya kweli na hayakuwa kamili. Kwamba nilikimbilia gari. Tabasamu lilibaki usoni kwake kwa muda kama kitu kilichosahauliwa, kisha likaondoka.

"Kwa hivyo hakuna."

"Upepo upo. Hauchomi chai. Haufiki hapa chini."

"Mimi nimetoa yangu yote." Alionyesha nyuma ya nyumba. "Na hao wengine walitoa kwa sababu ni mimi nimesema. Si kwa sababu yako. Wewe hawakujui."

"Najua."

"Hujui. Miaka kumi na moja nimekuwa mwenyekiti, sijawahi waambia uwongo. Hata uzito wa gunia." Alikaa kwenye kigogo, akavua kitambaa, akakivaa tena. Niliogopa atatufukuza, na ningekubali. Baadaye alisema, "Kuleni kwanza." Akatuandalia ugali na mursik, maziwa yaliyolala kwenye kibuyu, akala nasi. Alipomaliza alianza kupiga simu, moja baada ya nyingine. Kesho, kituo cha majani, saa tatu. Kwa kila mmoja alisema, "Njoo usikie. Na ukuje na maswali."

Kituo cha majani

Walikuja watu wengi kuliko nilivyoweza kuhesabu kwa hofu niliyokuwa nayo. Walisimama chini ya banda la mabati na nje yake, wanawake zaidi, na nyuma wanaume wamekunja mikono. Nilianza vibaya. Nilieleza chembe, nikaeleza umeme, nikachora mavumbini duara la dunia na mistari ya sumaku ikitoka kusini na kurudi kaskazini. Nyuso zilikuwa zimefungwa.

Mwanamume mmoja mrefu akauliza, "Madam, jina lako la pili ni nani?"

Huku mpakani kila mtu anajua swali hilo linauliza kabila. Nikataja jina la baba yangu.

"Kwa hivyo mtu wa ng'ambo anatuambia tuchume, tunachuma. Leo anatuambia tuache. Huko kwenu wamechuma?"

Mama Chebet alisimama kabla sijajibu. "Mama yake amechuma yote. Nimeuliza. Sasa uliza ya upepo ama ukae."

Hakukaa. Ndipo Arap Koskei, ambaye sikumwomba chochote, akatoka pembeni akaanza kuongea nao, Kiswahili na Kipsigis vikichanganyika, kwa sauti ile ile ya kusema gari inachemka.

"Mimi nimesafiri na huyu siku tatu na hiyo mashine, nimesikia akiongea na daktari yake. Nitawaambia vile nimeelewa. Mnajua mvua ya mawe. Ikikupata chaini inakupiga na inaharibu majani. Ikikupata kwa nyumba, inapiga mabati, wewe uko chini unasikia kelele. Dunia iko na mabati yake. Huwezi kuyaona, ni hiyo sumaku. Hiyo upepo inapiga mabati, inateleza, inaenda. Hii mashine inasikiza kelele ya mabati. Ni hiyo tu."

Kulikuwa na mnong'ono. Mwanamke mmoja akauliza, "Na mabati haivuji?"

Arap Koskei akanitazama. Hapo ningeweza kusema haivuji, wote wangerudi nyumbani. Nilikuwa nimekwisha kuona matunda ya nusu ya jibu.

"Inavuja," nikasema. "Upepo huo hubeba sumaku yake ndani. Ikiwa imeelekea kinyume na yetu, mabati hufunguka kidogo, na chembe nyingine huingia. Lakini zinaishia juu sana, mbali kuliko ndege zinapopita, na zaidi ni kaskazini kabisa na kusini kabisa. Huko watu huona anga ikiwaka rangi. Inaweza kusumbua setilaiti, simu zikapotea njia kidogo. Jani la chai hauligusi. Mimi mwenyewe haunigusi, na nitakaa hapa nje mpaka ufike."

"Utafika saa ngapi?"

"Sijui."

Sikuwa nimepanga kusema nitakaa, lakini nilipokwisha kusema ikabidi nifanye. Tulichimba shimo kati ya vichaka, mbali na banda. Niliomba mapanga yapelekwe kando, na gambuti zenye chuma, na simu zote. Nikafukia kipima-sumaku, nikakisawazisha, nikavuta waya hadi kwenye kompyuta. Mstari ulitokea, ukitambaa karibu umenyooka. Watu wakaja kwa zamu kuutazama, wakaondoka. Wengine walienda kukamua. Kama thelathini walibaki, na yule mrefu mmoja wao.

Saa nne, saa tano, saa sita. Kuna mawingu ya jua yanayopita kando kabisa, na hayo Daktari hawezi kuyazuia. Ikiwa wingu hili halitakuja, nitakuwa mwongo mara ya pili. Mtu aliniletea mahindi ya kuchemsha nikayashika mpaka yakapoa. Saa saba mbingu upande wa msitu zikaanza kuwa nyeusi, ule weusi wenye kijani ndani, na kila mtu pale alijua unaleta nini. Ikianguka mvua ya mawe saa hii juu ya chai hii, hakuna mchoro wangu utakaosaidia kitu, maisha yangu yote. Radi ilinguruma. Yule mrefu alitazama juu, kisha akanitazama.

Saa nane na dakika chache, Mama Chebet, aliyekuwa ameketi karibu na kompyuta, alisema taratibu, "Madam. Imeruka."

Nilipiga magoti. Mstari ulikuwa umepanda ghafla, kama ukuta, ukakaa juu ukitetemeka. Upepo wa jua ulikuwa umeigonga sumaku ya dunia upande wa mchana, ukaibana, na hapa chini shimoni, kati ya mizizi ya chai, ilikuwa imesikika.

"Ndio huu?"

"Ndio huu. Umefika sasa hivi."

Wote waligeuka kutazama chai. Hewa ilikuwa imetulia kabla ya mvua, na hakuna jani lililotikisika, bonde lote. Mwanamke aliyekuwa ameuliza habari ya kuvuja aliinua kiganja juu, kama mtu anayejaribu mvua, akakaa hivyo. Yule mrefu alikuja akainama karibu na kompyuta kwa muda mrefu.

"Na mimi sisikii kitu," alisema.

"Hata mimi."

Mvua ilikuja, ya kawaida, ya maji. Tulikimbilia bandani na kompyuta chini ya koti la Arap Koskei. Hapo, kelele za mabati zikiwa juu yetu, Mama Chebet alinishikia simu mdomoni. "Sema yote. Mpaka mwisho. Sitaondoa simu." Nikasema yote. Yeye akaongeza sauti yake mwishoni, akasema amekosea, akataja jina lake kamili, akatuma.

Wengine walinisamehe na wengine hapana. Kuna mama mmoja aliyekuwa ametegemea majani ya wiki ile kwa mambo yake, alipita mbele yangu bila kunisalimu, na hakuwa na sababu ya kunisalimu.

Ndanai

Tulichimbua kifaa Jumamosi alfajiri, tukavutwa matopeni na trekta, tukafika Ndanai saa nne. Wasichana walikuwa wakingoja kando ya shimo lao, kumi na wawili, na nilivyoona nyuso zao nilijua Daktari alikuwa ameshawaambia. Kipande cha mstari tulichopata jana kilirekodiwa mahali pasipofaa, na kilikatika tulipokimbia mvua. Kwa utafiti hakina faida kubwa.

Faith, ambaye ndiye aliyeibandika ile chati ukutani, aliuliza, "Madam, tumekosa?"

Nikawaeleza nilichofanya Litein, bila kujipunguzia. Kisha nikawaambia lililobaki. Upepo ukishaigonga sumaku ya dunia, mwanzo huibana, mstari ukapanda. Baadaye chembe zilizoingia huanza kuizunguka dunia kama mkanda wa umeme, na mkanda huo huivuta sumaku chini, chini kuliko kawaida yake. Halafu, polepole, siku moja, mbili, hata zaidi, hujirudisha.

"Kwa hivyo saa hii iko chini?"

"Inapaswa kuwa chini. Hebu tuone."

Walikifukia wao, kwa skrubu za shaba, Arap Koskei akizishikilia kwenye kiganja na kuwapa moja moja. Mstari ulitokea chini kwenye skrini, chini sana kuliko siku zote walizowahi kurekodi. Waliutazama. Baada ya nusu saa Faith aliweka rula kwenye skrini, akapima, akapima tena.

"Inapanda."

"Kidogo?"

"Kidogo sana, Madam. Lakini inapanda."

Mama alipiga simu wakati huo. Alisema kiwanda kimekubali gunia moja kati ya matano, na kwamba vichaka vitatoa chipukizi tena, atangoja. Kisha akauliza kama nimekula. Niliporudi baada ya simu, wasichana walikuwa wamegawana zamu hadi Jumatatu bila kuniuliza, na jina la kwanza kwenye orodha, kwa mwandiko wake mwenyewe wa herufi kubwa, lilikuwa la Arap Koskei. Alikuwa ameshavaa miwani, amekaa kwenye kiti cha darasani kilicho kidogo kwake, akisoma namba kwa sauti huku Faith akiandika.